Niliruhusu Mto Upite Juu ya Kaburi la Mama

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na minne, ni mjane, na naishi kando ya mto mmoja mdogo unaoteremka kutoka milima ya Mbebe, wilayani Ileje. Jina la mto sitalitaja, na majina ya watu nimeyabadilisha. Mimi niiteni Mama Neema, inatosha. Siombi mnionee huruma. Naomba tu mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, maana walionihukumu tayari ni wengi...

Mume wangu alipofariki, mama yangu mzazi alivuka mto akaja kukaa nami. Kwa desturi yetu alipaswa kubaki kwa kaka yangu mkubwa, Asukile, kwenye mji wa baba, ng'ambo. Watu walisema sana. Kaka naye alinuna, kisha akazoea. Mama alijibu kwamba Asukile ana mke na watoto wakubwa, mimi nina mwanangu Neema peke yake, basi yeye anakwenda kwenye upweke. Miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, lakini mdomo ulikuwa mzima. Ndiye aliyenirudishia kicheko.

Zamani mto huu ulikuwa ukijaa unamwagika pande zote mbili. Maji yanaingia kwenye mahindi, yanafika vifundoni, kesho yake yameondoka na kutuachia udongo mweusi wa kupandia maharage. Hakuna aliyeuogopa. Lakini huko juu milima ikalimwa mpaka miteremkoni, na sisi huku chini tukalima mpaka ukingoni kabisa, tukang'oa matete na mianzi. Mvua ikinyesha, maji yakawa yanakuja kwa kishindo, mekundu, yamebeba magogo.

Asukile alikuwa mwenyekiti wa kitongoji cha upande wao, na wazo la kujenga tuta la kuzuia maji lilikuwa lake. Alikuja kanisani kwetu, baada ya ibada akatueleza vizuri: tuungane, tujenge kwanza tuta upande wao, ambako mto ulikuwa unakula ukingo, tukimaliza wote tuhamie upande wetu. Nani angekataa? Alikuwa mtoto wa nyumbani.

Kiangazi chote tulishinda pale. Wanaume walijaza udongo kwenye viroba, sisi wanawake tukabeba kwa vichwa. Nilibeba mpaka shingo ikakataa kugeuka. Jioni mama ananikanda kwa maji ya moto, huku akimsifu mwanawe.

Tuta likasimama, refu, limeshindiliwa vizuri. Kisha... watu wa upande ule hawakuja. Mara wamechoka, mara viroba vimekwisha, mara wakati wa kuandaa mashamba umefika. Nilivuka kwenda kumwuliza kaka. Alinikaribisha chai, lakini hakunitazama usoni. Alisema watu wake wamegoma, naye hawezi kuwaswaga kama ng'ombe, tusubiri kiangazi kijacho. Nikamkumbusha kwamba mama yuko upande wetu. Akasema mama asiwe na hofu, maji yakizidi atakuja mwenyewe kumchukua.

Nilitaka tuhamie kwa ndugu wa marehemu mume wangu, kule Itaka, mpaka mvua zipite. Mama akakataa. Mwanawe ameahidi, basi. Ningemfanya nini mama yangu?

Siku yenyewe, kwetu jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha milimani. Nilikuwa mashineni nasaga mahindi niliposikia watu wanapiga kelele. Safari hii mto haukumwagika pande zote. Ulifika kwenye lile tuta, ukakosa pa kwenda, ukageukia kwetu mzimamzima.

Nilipofika nyumbani, maji yalikuwa kiunoni na ukuta wa jikoni, wa matofali mabichi, ulikuwa unamong'onyoka. Mama alikuwa amekaa juu ya meza, amekumbatia nguzo. Neema alikuwa shuleni, namshukuru Mungu. Nilimbeba mama mgongoni, jirani akatushikilia kwa nyuma, tukapanda mpaka kwenye mwinuko wa shule. Kutoka pale niliiona nyumba yangu ikikaa chini polepole. Ng'ambo, mahindi ya kaka yalikuwa yamesimama, yanapepea, pakavu kabisa.

Tukalala darasani, familia nyingi, nguo mbichi mwilini. Mama akaanza kukohoa. Kaka alikuwa Tunduma, amepeleka mahindi sokoni. Alipigiwa simu, akasema yuko njiani. Lakini daraja la miti lilikuwa limeshakwenda na maji, na kuzunguka ni mbali. Kila mlango ulipofunguliwa mama aliuliza kama amefika.

Tulipompeleka zahanati kifua kilikuwa kimembana. Alinishika mkono, akasema taratibu, "Mwambieni Asukile asikatize mtoni. Azungukie barabarani, hata kama atachelewa."

Alichelewa. Aliingia tukiwa tumeshamfunika mama uso.

Upande wetu hapakuwa na mahali pa kumzika, kila jembe lilipopigwa maji yalipanda. Kaka akataka azikwe kwake, kwenye migomba ya baba, nyuma ya tuta. Pale palikuwa pakavu. Nilikubali, tukamzungusha kwa barabara. Nilisimama mgongo wangu ukiwa umeelekea lile tuta nililolibeba kichwani, nikatazama jeneza linashuka. Sikulia. Watu wakasema nina moyo mgumu. Nilikuwa nimechoka tu.

Kiangazi kilichofuata wakaja wataalamu kutoka wilayani, wakaita mkutano wa pande zote mbili. Wakasema tuta limejengwa karibu mno na maji. Likibaki, upande wetu utakwisha, na siku likipasuka litawaua haohao waliojificha nyuma yake. Libomolewe, yajengwe mawili, kila upande la kwake, mbali na mto. Katikati paachwe wazi, pasilimwe, papandwe mianzi na matete, maji yapate pa kutandaa. Kila upande ungepoteza sehemu ya mashamba. Wengi wakaitikia kwa vichwa.

Asukile akasimama. "Mama yangu amelala pale," akasema. "Mkirudisha tuta nyuma, yeye mnamwacha kwa mto. Nani hapa anaweza kumlaza mama yake majini?"

Mchungaji akasema kwa upole kwamba kaburi linaweza kuhamishwa, kwa kibali na kwa maombi. Kaka akakataa katakata. Yeye ndiye mtoto wa kiume mkubwa, na atakayegusa kaburi lile amemgusa yeye.

Nilimwelewa kaka yangu. Alimpenda mama, sisemi uongo. Lakini shamba lake zuri kuliko yote lilikuwa palepale, kati ya kaburi na tuta, na alikuwa amepata neno ambalo hakuna mgeni angeweza kulijibu. Macho ya watu yakaniangukia mimi.

Nilisimama. "Mimi pia ni mtoto wake," nikasema. "Nililibeba tuta lile kichwani, na ndilo lililotuletea maji. Kama kaburi halihamishwi, basi, mto upite. Wanaotakiwa kukaa pakavu ni wazima."

Wifi yangu akaangua kilio. Kaka akavaa kofia yake, akaondoka.

Tuta likabomolewa. Mapya yakajengwa, na safari hii pande zote mbili zilifanya kazi pamoja, leo kwao, kesho kwetu. Asukile hakushika jembe. Uenyekiti aliuacha mwenyewe.

Masika yaliyopita mto ulijaa vibaya sana. Ukatandaa katikati ya yale matuta mawili, ukaishia hapo. Hakuna nyumba iliyoanguka, hakuna mtoto aliyepotea, kwetu wala kwao. Watu waliimba.

Maji yalipopungua nilishuka kwenda kwa mama. Msalaba haukuwepo. Migomba ilikuwa imelala, tope limesawazisha kila kitu. Nikasimama mahali nikasema ni hapa... nikasogea, hapana, ni hapa... Nilikaa chini kwenye lile tope nikalia mpaka sauti ikakauka. Niliwaokoa wazima, ndiyo. Lakini mama yangu sijui yuko wapi!

Sokoni wapo wanaoniita mwanamke aliyemtupa mama yake mtoni. Neema naye aliniuliza kama siku ile nilifanya sawa. Nilimwambia sijui. Mpaka leo sijui.

Ndugu zangu mnaoishi kando ya mito, nawaomba. Msijenge tuta upande mmoja mkajiona mmepona. Maji mnayoyafukuza yanakwenda mahali, na pale mahali pana mtu, pengine aliyezaliwa tumbo moja na ninyi. Kaeni pamoja, ng'ambo zote mbili, kabla ya kujaza kiroba cha kwanza. Uachieni mto nafasi yake, hata kama ni shamba la urithi. Na kama una mzazi mahali pa hatari, mwondoe mapema, agombe, anune, lakini awe hai. Usimwache akae anasubiri ahadi ya mtu, hata kama mtu huyo ni mwanawe.

Juzi nilimwona kaka ng'ambo, anapalilia kipande alichobakiwa nacho. Nilisimama juu ya tuta letu nikamsalimia kwa sauti, shikamoo kaka. Alinyoosha mgongo, akatazama nilipo, kisha akainama tena akaendelea kupalilia. Kesho nikipata nguvu nitamsalimia tena.