Mtegemezi wa Pili

Vijiko ndivyo vilivyoanza. Nyumba ina watu watatu, wamekula watatu, na kwenye beseni la vyombo kuna vijiko vinne vichafu. Mke akadhani mumewe ameonja mboga kwa kijiko kingine. Mume akadhani ni mkewe. Hakuna aliyeuliza. Nyumba ile kuulizana kulikwisha kuwa kazi ngumu; wale wawili waliishi kama wapangaji wa vyumba jirani.

Mume alikuwa fundi wa lifti, na mtaa mzima ulimwita Lifti, basi. Mke alishona sare za shule, cherehani yake chini ya dirisha la sebule. Mtoto wao mmoja, msichana wa darasa la pili, alikuwa na mdomo usiofunga, ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Sasa, mambo ya kodi, yaliyotangulia vijiko siku chache. Zamani mtu alipanga foleni, akanuna, akalipa, akaenda zake. Siku hizi yote yamo kwenye simu, hata karani wa kumnunia huna. Lifti alikuwa kwenye chumba cha mitambo juu ya ghorofa, saa ya chakula cha mchana, akafungua ule mtandao wa kodi. Mna kikokotoo humo: unaingiza mshahara, unaingiza kodi uliyokwisha kukatwa, unaulizwa una wategemezi wangapi, kinakupa jibu. Akaandika mmoja. Jibu likatoka jekundu, anadaiwa. Akaandika wawili, kwa kujaribu tu, kama mtu anayejaribu viatu dukani bila nia ya kununua. Jibu likageuka kijani. Yeye ndiye wa kurudishiwa.

"Nani atakuja kuhesabu watoto mlangoni kwangu?" akamwambia fundi mwenzake.

"Weka hata sita," mwenzake akajibu, mkate umemjaa mdomoni. "Waambie na mama mkwe wako anajifungua mwezi ujao."

Wakacheka. Mfumo ukataka jina la mtegemezi wa pili na tarehe ya kuzaliwa. Hapo angeweza kuandika jina la mtoto yeyote wa jirani. Yeye akaandika jina ambalo yeye na mkewe walikuwa wamemchagulia mtoto wao wa pili, wa kiume, yule aliyetoka kabla mimba haijatimia. Tarehe akaandika ile ya kwenye kadi ya kliniki, siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Hakuwa na nia mbaya. Lilikuwa jina lililo tayari kichwani, na mwanaume mvivu huchukua kilicho karibu.

Ikabaki namba ya siri. Mfumo uliituma kwenye simu ya mke, maana akaunti ilifunguliwa kwa laini yake, kipindi laini ya Lifti ilipofungiwa. Akampigia.

"Nisomee namba zilizoingia hapo."

Mke akasoma. Hakuuliza za nini. Lifti akabonyeza "Wasilisha", akarudi kwenye nyaya zake.

Baada ya vijiko ikaja harufu, ya waya ulioungua. Lifti, kwa kuwa ndiyo kazi yake, alifungua soketi zote za sebuleni akazinusa moja moja kama mbwa. Soketi zilikuwa nzima.

"Husikii harufu ya waya?"

"Nasikia maziwa," mke akasema bila kuinua uso. "Ya mtoto."

Kisha zikaja hatua. Ilikuwa mchana kweupe, mke akisimamisha cherehani kukata uzi, zinasikika koridoni: ko, ko, ko, kavu, kama mtu anayetembea juu ya vikombe. Akianza tena kushona, zinanyamaza. Mke hakugeuka. Akaanza tu kumwita Chiriku "Dada", kama mama anavyomwita mkubwa pale mdogo anapozaliwa. "Dada, njoo ule." "Dada, usifunge mlango, mwenzako hajaingia." Aliyasema hayo kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi.

Aliyeumia ni Chiriku. Hakuugua, alipungua. Alimaliza sahani yake, na vyombo havijaoshwa anasema ana njaa. Mama akaipunguza sare yake kiunoni, akaipunguza tena, na kwa vipande vya kitambaa akashona kaptura ndogo. Shuleni mwalimu akiita majina anamruka. Dukani mtoto alisimama na pesa mkononi, muuzaji akawahudumia wote waliokuja nyuma yake, mpaka mtoto akarudi nyumbani mikono mitupu. Ule mdomo usiofunga ukafunga.

"Una nini, mama?" Lifti akamuuliza.

Chiriku akatazama kwanza mlango wa chumbani. "Ananivuta shuka," akanong'ona. "Nikimwachia bado anavuta. Baba, anasema kitanda ni cha mmoja."

Jumapili moja mchana, mke amekwenda kupeleka sare kwa mteja na Chiriku amelala chumbani, Lifti alikuwa kwenye kochi, simu mkononi, hasomi chochote, akasikia ko, ko, ko ikitoka chumbani, akajua si mwanawe maana mwanawe siku hizi hakuwa na uzito wa kutoa kishindo, akataka kugeuza shingo na shingo ikagoma, harufu ya waya ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, hatua zikapita nyuma ya kochi, zikazunguka meza, zikasimama mbele yake, naye ameyakaza macho yake sakafuni asione uso, akaona kaptura ile aliyoishona mkewe, na chini ya kaptura miguu myembamba yenye manyoya mabichi kama ya mwanambuzi aliyedondoka sasa hivi, na chini ya miguu kwato mbili nyeusi, safi, kisha kitu kile kikampanda mapajani taratibu, kizito kuliko umbo lake, kikajiegemeza kifuani pake, kikatulia kama mtoto anavyotulia kwa babake.

Na mikono ya Lifti ikakikumbatia. Yenyewe. Hata yeye alishangaa, kwa mbali, kama anamwona mtu mwingine.

Jioni ile alimpigia mama yake. Bibi yule hakuwa mtu wa kupoteza pole zake. Alifika na mganga, akamtazama mjukuu, akamgeukia mwanawe. "Huyu mtoto amebaki kivuli. Mlikuwa mnasubiri nini, aishe kabisa?"

Mganga alikuwa mtu mfupi mwenye miwani. Akaingia chumbani na kifuko chake, na chai haijapoa akatoka, kifuko hakijafunguliwa.

"Simuwezi," akasema kwa sauti ya chini.

"Nimelipia nauli yako uje kuniambia humuwezi?" Bibi akamwuliza.

"Mama, mimi nawatoa waliovamia. Huyu hakuvamia. Nimemwuliza kwa haki gani anakaa hapa, akaniambia ameandikwa. Ana jina, ana baba, ana mama. Nani amemwandika?"

Lifti akaangalia vidole vyake. Akasema yote, kikokotoo, rangi ya kijani, jina.

"Basi mfute kulekule ulikomwandika. Na mkono ulioshiriki kumwingiza ndio ushiriki kumtoa."

Lifti akafungua ule mtandao palepale. Sahihisha ritani ya kodi. Ondoa mtegemezi. Mfumo ukauliza sababu: amefariki, amehama, anajitegemea. Akachagua ya kwanza. Simu ya mkewe ikalia juu ya cherehani.

"Nisomee namba," Lifti akasema.

Mke akaichukua simu, akaitazama, akailaza kifudifudi.

"Mke wangu. Nisomee."

"Siku ile ulipomwandika, mfumo ulituma ujumbe," mke akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ulikuja hapa kwangu. 'Mtegemezi wako amesajiliwa', na jina lake. Nililisoma mpaka simu ikaisha chaji. Hospitali walimwita uchafu. Walisema tumesafisha uchafu. Kaburi hana, cheti hana, hakuna mtu amewahi kuliandika jina lake ila wewe, na uliliandika upate pesa. Sasa unataka umwandike amekufa?"

"Yule si mwanao!" Bibi akanong'ona kwa ukali. "Mwanao ni huyu hapa anayeisha. Mtazame!"

Mke akamtazama Chiriku. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayejitahidi kusoma maandishi yaliyofifia. Kisha akarudisha macho kwenye kitambaa. "Huyu ana watu wengi," akasema. "Yule ana mimi tu."

Namba ile muda wake ukaisha. Lifti aliomba nyingine, na nyingine. Alitaka kubadilisha laini. Kubadilisha laini nako kulitaka namba ya siri ya laini ya zamani. Akaenda ofisi ya kodi, karani akamwambia arudi nyumbani, mambo yote siku hizi ni mtandaoni.

Bibi hakungoja. Alikusanya nguo za Chiriku kwenye mfuko wa plastiki na kumshika mkono. Mlangoni mtoto akageuka. "Mama, naondoka."

"Haya, Dada," mama akasema. "Funga mlango polepole, mwenzako amelala."

Kwa bibi yake mtoto akapona. Alianza kula na chakula kikaonekana mwilini, akaandikishwa shule ya huko, mwalimu akamwona, na mdomo ukafunguka tena. Bibi alipiga simu kumwambia Lifti aje wakae wote. Lifti alisema ndiyo, atakuja. Mwezi ukiisha alituma pesa. Mwenyewe hakwenda.

Mwaka ukazunguka, msimu wa ritani ukafika. Jioni, kwenye kochi, Lifti akafungua mtandao wa kodi. Siku hizi mfumo unakujazia wenyewe, unavuta habari kutoka kila ofisi, kazi yako ni kuthibitisha tu. Mshahara ulikuwa sahihi. Kodi iliyokatwa, sahihi. Wategemezi: mmoja. Chini yake jina la mtoto wa kiume. Anaishi na mlipakodi: ndiyo. Chiriku hakuwamo, shule ilikuwa imemwandika kwa bibi yake.

Akasoma mstari kwa mstari, akitafuta kosa la kusahihisha. Hakuliona.

Cherehani ikasimama. Ko, ko, ko, mpaka nyuma ya kochi, na kidevu kidogo cha baridi kikatua begani kwake, kikasoma naye.

Simu ya mke ikalia. Safari hii alizisoma namba kabla hajaombwa.

Lifti akabonyeza "Thibitisha".