Cheo Kilichojiandika Kwenye Beji ya Dufie

Jumatatu asubuhi, Dufie alipokuwa akibana beji kifuani, aliona neno moja limezidi. Siku zote ilikuwa na jina lake na neno Muuguzi, basi. Sasa chini yake palikuwa pamechongwa Mkunga, na beji ilinuka damu mbichi.

Jamani, huku kwetu Goaso, Ghana, mtu na cheo chake! Hata tangazo la msiba hubandikwa ukutani na shahada zote za marehemu. Dufie alikuwa ameomba chuo cha ukunga mara mbili, akakataliwa mara mbili. Akaifuta beji kwa spiriti, harufu ikapungua, akaivaa hivyohivyo.

"We Dufie, ukunga umesomea wapi, ndotoni?" muuguzi mwenzake, Serwaa, alimtania.

"Wivu tu huo."

Wajawazito wakaanza kumwita Madam Mkunga, naye akaitika. Ijumaa mchana, mkunga wa zahanati akiwa safarini, aliletwa Konadu, mdogo wake Dufie, uchungu umemshika. Dufie hakujua aanzie wapi. Mikono yake ilijua. Ilipoa kama maji ya mtungini, ikaenda yenyewe, ikageuza, ikavuta, na mtoto akalia, wa kike, mzima. Lakini ulipofika wakati wa kumkabidhi kwa mama yake mikono ikakataa, ikambana mtoto kifuani kwenye ile beji, ikazidi kumbana, na harufu ya damu ikajaa chumba kizima ingawa damu yote ilikuwa imeshafutwa, na kilio cha mtoto kikawa kinafifia, kinafifia.

"Dada," Konadu alinong'ona, "huyo mama nyuma yako ni nani? Mbona amekushika mikono?"

Dufie hakuthubutu kugeuka. "Mimi si mkunga," alisema, wajawazito wote mlangoni wakisikia. "Nimewadanganya. Ni muuguzi tu. Sijasomea."

Mikono ikalegea. Konadu akampokea mwanawe, naye mtoto akalia upya.

Dufie akaing'oa beji, akaitupa kwenye shimo la kutupia kondo la nyuma, kisha akaenda kubadili sare huku analia kwa aibu na kwa shukrani. Serwaa alikuwa akimsaidia kufungua vifungo, akasita.

"Nini?"

"Usijiangalie, dada yangu."

Alijiangalia. Kwenye ngozi, juu ya ziwa la kushoto, herufi zilikuwa zimevimba kama kovu la miaka mingi: Mkunga. Nje, mama mwingine alianza kuugulia uchungu, na mikono ya Dufie ikaanza kupoa.