Jina la Nne

Kila Jumamosi asubuhi Nanyama alijitwika debe la mahindi na kwenda kwenye kisiagi kilichokuwa nyuma ya soko la Kitale. Karibu na kwao kulikuwa na kisiagi kingine, tena cha bei nafuu, lakini yeye aliupenda mzunguko huo mrefu. Kwenye kisiagi hicho cha sokoni ndiko baba yake, Wekoye, alikofanya kazi mpaka alipofariki mwezi wa Julai, mwaka wa 2003. Nanyama alisimama kwenye foleni, akafumba macho na kuvuta harufu ya unga wa moto. Kwa muda mfupi aliona kana kwamba baba yuko palepale, nyusi nyeupe kwa unga, akipiga mluzi.

Ule mluzi ndio uliomtesa. Baba alikuwa na mwanya kwenye meno ya mbele, na wimbo wake ulipita hapo kila aliporudi jioni, kabla hajafika mlangoni. Nanyama aliukumbuka mwanzo wake tu. Alipojaribu kuufikisha mwisho, ulimponyoka. Wadogo zake wawili, Khisa na Derrick, hawakuweza kumsaidia. Khisa alipiga chafya badala ya mluzi, na Derrick alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Nanyama alimkumbuka baba sana. Kuusahau wimbo wake kulikuwa kama kumpoteza mara ya pili.

Mwezi wa Desemba matokeo ya darasa la nane yalitoka, naye alikuwa amepita vizuri, akapata nafasi katika shule ya sekondari ya bweni. Karo ndiyo haikuwapo. Baba aliacha pesa benki na shamba dogo karibu na Matulo, wilaya ya Bungoma. Lakini mali ya marehemu haiguswi hivi hivi. Lazima korti ya Bungoma iwatambue warithi kwanza, na korti nayo inataka barua ya chifu yenye majina yao.

Mama yake, Fridah, hakupata kusoma. "Nanyama, si uniandikie majina ya watoto wote wa baba yako," alisema. "Kesho napelekea chifu."

Nanyama alichukua karatasi. Aliandika jina lake, la Khisa na la Derrick, kisha akasita. Kulikuwa na jina la nne. Baba alikuwa na mke mwingine, Nabwile, aliyeuza viazi sokoni Cheptais, na binti yao wa miaka kumi aliitwa Sellah. Siku ya tatu baada ya mazishi, kwa desturi ya ukoo wao, watoto wa marehemu waliketi kwenye mkeka mmoja wakanyolewa nywele mbele ya watu wote. Sellah aliketi mwisho, bega kwa bega na Nanyama. Hawakusemezana.

Sasa maneno ya rafiki yake Kabura yalimrudia. "Ati nyumba mbili zikiingia kortini, hiyo kesi haiishi," Kabura alikuwa amemwambia. "Kuna msichana alikuwa jirani yetu. Alingojea pesa ya baba yake mpaka akaolewa, bana."

Nanyama aliitamani shule ile mpaka akaiota. Tena, moyoni alimwonea Sellah wivu, maana kila baba alipokuwa Cheptais, hakuwa Kitale. Aliikunja karatasi ikiwa na majina matatu. Chifu wa eneo lao alikuwa amehamia juzijuzi na hakuwajua watu wote; aliandika barua kwa kuifuata karatasi hiyo.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mama na Nanyama walifika kortini Bungoma. Karani aliyewapokea aliitwa Kibiwott, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipitia cheti cha kifo na barua ya chifu, akajaza fomu, kisha akaisogeza mezani.

"Mama, hii ni kiapo. Ukiweka kidole hapa umeapa mbele ya Mungu na serikali. Umesomewa?"

"Bado. Lakini msichana wangu anajua kusoma sana," mama alisema kwa fahari. "Atanisomea."

Nanyama alisoma polepole. "Watoto wa marehemu ni Nanyama Wekoye, Khisa Wekoye, Derrick Wekoye."

Mama alikuwa akihesabu kwa vidole. Kwa kila jina alikunja kimoja. Vitatu vilikunjwa, cha nne kikabaki kimesimama kikingoja.

"Endelea," mama alisema.

Ilikuwa rahisi sana kuendelea. Nanyama angeweza kulitamka jina la nne, na mama asingejua kuwa halimo. Alikitazama kidole kile. Kilikuwa na kovu la jiko, na kilikuwa karibu kuapa uongo kwa sababu yake.

"Imeisha, mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi sikuandika Sellah. Niliogopa tutachelewa na nikose shule."

Mama hakupandisha sauti alipouliza, "Siku ya kunyolewa mliketi wangapi kwa ile mkeka?"

"Wanne."

"Na wembe ilikuwa ngapi?"

"Moja."

"Basi wembe inajua kuhesabu kukushinda wewe mwenye umepita mtihani."

Nanyama alitamani ardhi ipasuke immeze. Kibiwott aliichukua ile fomu, akaipasua vipande viwili.

"Afadhali imejulikana leo," alisema. "Hii ingepita, halafu huyo mtoto aje kulalamika, korti ingefuta kila kitu. Na mama yako ndiye angeulizwa kwa nini aliapa uongo. Rudini kwa chifu. Majina yakiwa kamili, mtaomba korti iruhusu pesa kidogo itoke mapema kwa karo, hata kabla urithi haujagawanywa. Hiyo inawezekana."

"Na shule inafungua wiki ijayo," Nanyama alinong'ona.

"Shule haitangojea. Ni wewe utangojea."

Kweli alingojea. Kabura na wenzake waliondoka na masanduku yao, na Nanyama akabaki akibeba debe la mahindi. Barua mpya iliandikwa, Nabwile akaitwa kutoka Cheptais akakubali kutia sahihi, tangazo likatoka katika gazeti rasmi la serikali, siku thelathini zikapita bila mtu kupinga. Mwezi wa Aprili nyumba zote mbili zilisimama mbele ya hakimu. Kwa kuwa hapakuwa na ugomvi, shauri halikuchukua hata nusu saa. Hakimu aliruhusu pesa za karo zitolewe benki, na Nanyama angeanza kidato cha kwanza muhula wa pili. Sellah naye angenunuliwa sare na vitabu.

Nje ya korti, mama na Nabwile waligawana mahindi ya kuchemsha. Nanyama alimsogelea Sellah. Nywele zao zilikuwa zimeota urefu uleule.

"Nilikuacha kwa karatasi," alisema. "Unisamehe."

"Mama aliniambia," Sellah alijibu. Kisha akauliza kwa haya, "Baba alikuwa anapiga mluzi hata kwenu?"

"Alikuwa anapiga. Lakini mwisho yake nimesahau."

Sellah alicheka, na Nanyama akaona mwanya ule ule wa baba katikati ya meno yake. Msichana alilamba midomo akaanza kupiga. Wimbo ulipita pale Nanyama alipokuwa akikwama siku zote, ukapanda, ukashuka, ukafika mwisho. Nanyama alilia bila kujificha.

Mama alikuja akasimama nyuma yao. "Unaona, mwanangu," alisema. "Ulifikiri ukimtoa Sellah, sehemu yako itakuwa kubwa. Kumbe ungejinyima. Uongo hauzidishi fungu la mtu. Ukisema ukweli unaweza kuchelewa, lakini chenye utapata hakuna mtu atakuja kukunyang'anya."

Nanyama aliitikia kwa kichwa. Kisha akamshika Sellah mkono.

"Rudia," alimwambia. "Pole pole, niushike."