Jiwe Katika Kaburi la Genoveva

Hapana, fisi hakuhusika. Fisi akifukua kaburi anaacha fujo, udongo huku, sanda kule. Hili lilikuwa zima kabisa. Msalaba wima, nyasi za miaka juu yake. Ndiyo maana watu walipiga kelele vile.

Ilikuwa mwaka 2003. Mkoa wa Manyara ulikuwa mchanga, hata mihuri mingine ofisini bado ilisema Arusha. Kijiji kipo kule juu ya Gitting, jina lake tuliache, wenyewe wapo. Parokia ilikuwa inapanua kanisa, kwa hiyo makaburi kumi na moja yalitakiwa kuhama. Kibali kilikuwepo, padre alikuwepo, akina mama wameshapanga sufuria za chakula cha mazishi ya pili.

Ijumaa asubuhi walifukua manane bila neno. Kila familia ilipokea mifupa yake kwenye shuka jeupe, wakalia kidogo, wakakaa kando. La tisa likawa la Genoveva, binti wa katekista Akonaay. Msalaba ulisema alikufa 1974, ana miaka kumi na saba. Mdogo wake Theodory, yule mfanyabiashara wa vitunguu swaumu mwenye pikapu, akaingia shimoni mwenyewe kumpokea dada yake.

Akafunua blanketi lililooza. Akainama karibu zaidi.

"Vipi, Theodory?" watu wakauliza.

"Jiwe," akasema. Halafu akapiga ukelele. "Ni jiwe! Dada yangu yuko wapi?"

We acha tu. Wanawake walikimbia, mmoja akaacha na kiatu. Mifupa imeibwa! Imeuzwa kwa waganga! Na nani analala hapa kila siku? Mlinzi. Na mlinzi ni nani? Gidabuday, Mbarbaig, mfugaji wa kabila lingine. Kabla padre hajamaliza kuomba watu watulie, mlinzi alikuwa amefungwa kamba kwenye mti.

Ndipo Land Rover ya polisi ikafika kutoka Katesh na Inspekta Wolfgang. Usishangae jina. Ni Mmbulu mtupu, ila baba yake alibatizwa na padre mgeni na jina likashuka kwa mtoto. Alikulia kambi ya polisi Arusha, kwa hiyo Kiiraqw chake, lugha ya Wambulu wenyewe, kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa tu. Kwa mambo mengine alimtegemea Koplo Restituta, mtoto wa Dongobesh, mwenye mdomo na akili.

"Nani kamfunga huyu?" Inspekta aliuliza.

"Wananchi," Theodory akajibu.

"Wananchi wana majina."

Theodory akageuka kuangalia pikapu yake.

"Basi afunguliwe na wananchi haohao. Anakwenda Katesh, mahabusu."

Theodory akamsogelea. "Afande, nakuheshimu. Lakini Jumapili baada ya misa, kama mifupa haijarudi, boma zote tatu za Wabarbaig zinaondoka hapa. Wakigoma, tunachoma."

"Unanitishia?"

"Nakupa taarifa."

Inspekta alihesabu kichwani. Siku mbili. Boma tatu, watoto kama ishirini. Akavua koti akashuka shimoni.

Alikaa humo saa nzima. Misumari ya jeneza ilikuwa imelala kwenye mstari wake, imekula kutu. Rozari ilikuwa imezungushwa juu ya jiwe, imegandana nalo. Na mzizi wa mti uliopandwa kichwani mwa kaburi, mnene kama kidole gumba, ulikuwa umelikumbatia jiwe pande zote mbili. Theodory alipolivuta aliukata kwa jembe. Mkato ulikuwa bado unatoa maji.

"Restituta, huu mti nani aliupanda?"

"Wanasema mzee Akonaay mwenyewe, afande. Wiki ya mazishi."

"Kwa hiyo mzizi umelikuta jiwe hapa."

"Umelikuta, ukakua nalo."

"Mwizi gani anaiba mifupa bila kukata mzizi?"

Restituta akaushika mzizi, akaupima na kidole gumba chake.

Mafundi wa kanisa walikuwa na chekecheke la mchanga. Inspekta akaliomba, wakachekecha udongo wote wa shimo lile, beseni kwa beseni. Halafu akapanda kichuguu kule nyuma ya shule, maana ndipo simu ilipokamata, akampigia daktari mmoja wa Haydom.

"Daktari, miaka ishirini na tisa ardhini, mifupa inaweza kuisha yote?"

"Udongo mbaya unaweza kula mingi. Lakini meno hapana. Tafuta meno."

"Nimetafuta."

"Umepata mangapi?"

"Hata moja."

"Basi Inspekta, hapo hakulala mtu."

Alishuka kichuguuni na maswali mapya. Kama Genoveva hakuzikwa kanisani, alizikwa wapi? Na nani anazika jiwe, kama hafichi maiti? Alikuja kutafuta wizi. Sasa aliona mauaji.

*

Jumamosi alimhoji mlinzi. Maelezo ya onyo, yale ya kutumika mahakamani, kila kitu kwa utaratibu.

"Jina?"

"Gidabuday."

"Kazi?"

"Kulinda watu wasiokimbia."

Restituta akakohoa kuficha kicheko.

"Mifupa ya Genoveva nani kachukua?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Gidabuday aliangalia dirisha.

"Unajua unaweza kwenda jela?"

"Najua. Ng'ombe mke wangu atachunga."

"Na kesho wanakwenda kuchoma boma lako. Hilo unajua?"

Hapo yule mtu akageuka kuangalia mlangoni.

Mke wake alikuwa nje, amekaa kwenye ukuta wa kituo na kibuyu cha maziwa. Amevaa ngozi na bangili za shaba, usoni ana zile chale za mduara kuzunguka macho, shuka limeshuka mpaka kwenye nyusi. Kule kijijini walimwita Mama Maziwa. Alijulikana kwa kutosema neno. Restituta alipita mbele yake akinung'unika kwa Kiiraqw kwamba suruali ya Inspekta ina udongo wa kaburi matakoni na hakuna anayethubutu kumwambia. Mama Maziwa akaziba mdomo, mabega yakacheka.

Restituta akafikiri tu, ah, naye Kiiraqw anasikia. Wengi wanasikia. Akapita.

Mchana walikwenda nyumbani kwa Akonaay. Mzee alikuwa na miaka themanini, mweupe kichwa kizima, ameketi barazani na rozari. Mkewe Paskalina alikuwa jikoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmeleta mwanangu?"

"Bado. Binti alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Uti wa mgongo."

"Nani alimwosha?"

"Hakuna. Ule ugonjwa unaambukiza."

"Majirani hawakuja kumwona?"

Akajibu Restituta, kwa sauti ya chini. "Afande, kwetu kuna metimani. Nyumba iliyopata mkosi inatengwa. Hakuna anayeingia, hakuna anayekula nao, hata ng'ombe wao wanakunywa maji kivyao. Mpaka muda upite."

"Kwa hiyo mtu akisema mwanangu kafa, hakuna wa kuhakikisha?"

"Nani angethubutu?"

Inspekta akainuka kwenda kumsalimia mama jikoni. Mlangoni akajikwaa. Mlango ulikuwa umezuiwa na kijiwe cha mviringo, upande mmoja kimelika, laini kama kioo.

"Mama, hiki si cha kusagia?"

"Cha zamani, baba."

"Na lile kubwa la chini liko wapi?"

"Lilivunjika."

"Lini?"

Paskalina alikoroga sufuria. Alikoroga sana. "Mwaka wa operesheni ya vijiji. Walipotuhamisha."

"Sabini na nne."

Kule barazani kitu kilianguka. Rozari ya mzee.

Jiwe la kaburini lilikuwa nyuma ya Land Rover, limefungwa kwenye gunia, kielelezo A. Inspekta akalifungua. Juu yake palikuwa na bonde, kama kitanda. Akachukua kijiwe cha mama Paskalina akakiweka. Kikakaa kama kisigino kwenye kiatu cha mwenyewe, hakikucheza hata kidogo.

Mzee Akonaay alikuwa amesimama nyuma yake na fimbo.

"Binti yako umemuulia wapi, mzee?"

"Kesho," mzee akasema. "Uongo nilisema kanisani. Na kweli nitaisemea hapohapo. Niachie usiku mmoja."

Inspekta alimwachia, ila Restituta akalala barazani.

*

Jumapili misa ilikwisha mapema, padre mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Nje vijana wameshashika fimbo na galoni la mafuta ya taa. Akina mama wamepika makande, ugali na nyama kwa ajili ya kuwazika tena wale wengine, lakini hakuna aliyegusa sahani. Land Rover ikasimama. Ndani yupo Gidabuday na pingu, na mke wake na kibuyu chake, maana alikataa kubaki Katesh.

"Mifupa iko wapi?" Theodory akauliza.

"Muulize baba yako," Inspekta akasema, akaweka yale mawe mawili juu ya meza ya sadaka iliyotolewa nje, dogo ndani ya kubwa.

Akonaay akasogea mbele. Hakulia. Alisema kama anayesoma somo.

"Genoveva alipata mimba bila mume. Mnajua desturi yetu ilivyokuwa. Binti wa hivyo anafukuzwa, akae porini mpakani, asile na watu. Na nyumba yake inafungwa mwaka mzima kwa aibu. Mimi nilikuwa katekista. Nikaona, nyumba ya msiba inafungwa bila aibu. Nikachagua msiba."

Mtu akasema, "Yesu wangu."

"Alfajiri nikampa blanketi. Nikamwambia, kuanzia leo wewe umekufa, usirudi. Mama yake alikuwa amemwekea jiwe la kusagia, la kwenda nalo kwa mume. Nikalifunga blanketi jingine, nikalitia kwenye jeneza, kwa ajili ya uzito. Nikapiga misumari. Nikawaongoza ninyi wote kuimba."

Theodory fimbo ilimtoka mkononi. "Baba. Kila mwaka umetuleta hapa kusali."

"Kila mwaka."

"Na yeye?"

"Msimu ule simba walikuwa wengi bondeni. Na baridi. Na ana mimba. Sijui nini kilimuua, lakini aliyemuua ni mimi. Nilitaka kubaki katekista."

Hata wale wa galoni waliliweka chini polepole, kama lina mtoto ndani. Inspekta akatoa pingu. Amekamata wezi wa ng'ombe, amekamata wauaji wenye mapanga, lakini mzee anayeimbisha watu juu ya jiwe miaka ishirini na tisa, hapana, hajapata kuona.

"Subiri," mtu akasema.

Ni Paskalina. Alipita katikati ya watu pole pole na mgongo wake uliopinda. Hakwenda kwa mume. Alikwenda kwenye Land Rover, akamshika mkono Mama Maziwa akamshusha, akamwondolea shuka kichwani.

"Inatosha, Genoveva," akasema. "Nimechoka kuzungumza na wewe bila kukuangalia."

Bwana wee! Mwanamke mmoja alianguka pale pale. Padre alishika ukuta. Theodory alirudi nyuma mpaka akagonga pikapu yake.

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne nanunua maziwa kwake!"

"Na nilikujazia," yule mwanamke akajibu. Kwa Kiiraqw, kile cha zamani ambacho vijana hawakisemi tena. "Hukuniangalia usoni hata siku moja. Uliangalia kibuyu."

Restituta akajipiga paji la uso. Kile kicheko cha ukutani!

Inspekta akamgeukia Gidabuday. "Ulijua."

"Nilikwambia kachukua mwenyewe. Anaitumia."

"Kwa nini hukusema wazi? Ungechomewa boma!"

"Nilimwapia. Atarudi kwa miguu yake, si kwa kutajwa na polisi."

Habari yenyewe Genoveva aliisema kwa ufupi. Alitembea siku mbili mpaka Basotu. Bibi mmoja wa Kibarbaig akamkuta anatetemeka, akampa maziwa, hakumuuliza kitu. Mtoto alizaliwa hai, sasa ana watoto wake. Gidabuday akamwoa pamoja na mtoto. Baadaye akakutana na mama yake mnadani, na mama hakuhitaji kuona kitambulisho. Gidabuday akaomba kazi ya ulinzi kanisani ili mke awe karibu. Kila siku ya marehemu wote, Paskalina aling'oa majani kwenye kaburi, na muuza maziwa alikaa kwenye uzio, wakaongea kila mmoja akiangalia kwake.

"Ningejitokeza mapema," Genoveva akasema, "lakini mngemfungia mama ndani kwa mkosi wangu. Jana nilitaka kusema kituoni. Mdomo ulikataa."

Halafu akamwendea baba yake. Mzee alikuwa amepiga magoti, hakuna aliyemwona akishuka.

"Shikamoo baba."

Mzee alijaribu mara tatu ndipo marahaba ikatoka.

"Sijakusamehe," Genoveva akasema. "Nimekusalimia. Hilo jingine tutaliona."

Inspekta akamfungua Gidabuday. Akafungua daftari, akalifunga.

"Mzee, kesho saa mbili asubuhi uripoti Katesh. Umedanganya padre na serikali, faili litafunguliwa."

"Nitakuja."

"Na hili jiwe?" Genoveva akauliza, ameweka kiganja kwenye lile bonde.

"Ni kielelezo, mama."

"Kesi ikiisha nitalitaka. Lilikuwa la kwenda nalo kwa mume, na mume ninaye."

Gidabuday akasema kwa sauti, "Na kusaga hajui." Mtu mmoja akacheka, kisha wawili.

Lakini sahani bado hazijaguswa. Akina mama walisimama na miiko, wakiangalia familia ile. Mkosi wa namna hii haujawahi kutokea. Nani atakula nao? Nani aanze? Wale vijana wa galoni waliangalia viatu vyao.

Theodory ndiye aliyekwenda. Alipakua ugali na nyama, akaweka sahani moja tu, kubwa, kwenye nyasi mbele ya dada yake. Akapiga magoti, akamwagia maji mikononi. Halafu akamwagia Gidabuday. "Shemeji," akasema, na macho hayakuinuka.

Genoveva akakata tonge. Akalitazama. Akapiga nyasi za kulia kwake kwa kiganja, mara mbili.

"Mama, kaa. Na huyo mzee naye akae, ugali unapoa."

Akonaay akakaa pembeni kwenye nyasi. Padre akakaa. Restituta akamvuta Inspekta mkono, akamnong'oneza habari ya suruali yake, naye akakaa haraka sana. Ndipo kijiji kizima kikakaa, Wairaqw kwa Wabarbaig, wakala.