Makovu ya Bastola ya Bi Amparo

Jioni ile Fermina alikuwa ametoka kununua mikate ya tortila tu. Aliporudi kwenye karakana yao ya chuma alimkuta Bi Amparo Lezama amekalia kiti chake, kifurushi mapajani. Ndani yake mlikuwa na bastola kuukuu ya familia, imeliwa na kutu, ina vishimo kuanzia mtutuni hadi karibu na mpini.

"Mwanangu anapanda farasi kwenye maonyesho ya Jumapili," alisema Bi Amparo. "Nataka aivae kiunoni imejaa maua ya dhahabu. Ila kwanza nitolee haya makovu."

"Kutu imekula sana, Bi Amparo."

"Mama yangu hakutaka isafishwe kabisa. Eti ni ya bibi yangu, aliyeugua ndui akapona bila alama hata moja. Uso laini kama yai! Wazee na mambo yao..." Akacheka peke yake.

Nicandro hakuwa akisikiliza. Mdogo huyu wa Fermina ndiye mchora nakshi, na hakuna aliyemfikia katika mji mzima wa Amozoc. Alikuwa ameshainamia chuma, pua inakaribia kukigusa, anapanga maua yake kwa macho.

"Dada, ziba hivi vishimo vizuri. Tindo yangu ikitumbukia humo, waridi litatoka kama kabichi."

"Kabichi ni wewe," Fermina akamjibu. Mdogo wake alikuwa mzuri wa sura na alijijua.

Asubuhi alianza kazi. Tone la chuma kilichoyeyuka ndani ya kishimo, kisha tupa, kisha msasa.

Tone la kwanza lilipoingia... fuuu.

Ni kama mtu aliyeshusha pumzi. Ikafuata harufu, na haikuwa ya chuma. Ilikuwa ya chumba cha mgonjwa, madirisha yamefungwa, shuka hazijabadilishwa. Fermina alipiga ishara ya msalaba akaendelea. Jumapili ilikuwa inakuja.

Mchana Nicandro alikuja anajikuna shavu. "Nini hiki?"

"Mbu."

"Mbu gani huyu? Ana meno?"

Wakacheka. Kesho yake Fermina alimaliza kuziba mtutu, na Nicandro hakuja mezani. Alimkuta kitandani, ameelekea ukutani.

"Usiwashe taa," alinong'ona.

Aliwasha. Vipele vilikuwa vimeshuka kutoka shavuni hadi shingoni, kila kimoja kimebonyea katikati. Vitatu vimekaa kama mafiga. Chini yake kimoja kirefu. Kisha safu iliyopinda, chini ya sikio...

Fermina alivijua vyote.

Alikuwa amevifukia yeye mwenyewe kwenye mtutu, kimoja kimoja.

Pale Amozoc hakuna mtoto asiyewahi kufagiwa kwa yai. Mganga hulipitisha mwilini, ugonjwa ukaingia humo, yai likaenda kutupwa mbali, na hakuna mwenye akili timamu anayelipasua ndani ya nyumba. Bibi yake Bi Amparo hakufagiwa kwa yai. Mtu alimfagia kwa chuma hiki, na ndui ikakaa humo miaka yote, imetulia, mpaka Fermina alipoifukuza kwa tupa yake. Kwa nini imchague Nicandro? Labda kwa sababu ndiye aliyeinamisha uso pale. Fermina hakujua.

Alifunga mlango wa karakana. Akashika keekee, na chumvi na ndimu za kurudisha kutu, akaanza kuharibu kazi ya mikono yake. Kila kishimo kilipofunguka, sauti ya Nicandro ilisikika kutoka chumbani. Mara ya kwanza alipiga ukelele. Baadaye alikuwa anaguna. Mwishowe... kimya.

Fermina alikimbilia chumbani.

Vipele vilikuwa vimenyauka. Nicandro alifumbua macho akauliza kama tortila zimebaki. Hapo ndipo dada mtu alipolia.

Jumamosi Bi Amparo alifungua kifurushi akafura kwa hasira. "Mmeiharibu!"

"Irudishe ilipokuwa, Bi Amparo. Usiisafishe. Nakupigia magoti." Akamsimulia yote: ndui, yai, vipele vya Nicandro.

"Mtu mzima unaogopa habari za mayai! Nitampata fundi mwingine, atanimalizia leo leo." Akaondoka nayo, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Jumapili Fermina alishindwa kutulia. Jua likielekea kuzama alitembea hadi kwa akina Lezama, akamkuta Bi Amparo getini, ndio kwanza yeye na mwanawe wanarudi kutoka kwenye maonyesho, uso umemjaa furaha.

"Kumbe ulikuwa mvivu tu, Fermina! Yule fundi wa mjini Puebla kaziba vyote. Usiku kucha kafanya kazi, alfajiri kaniletea. Maua tutachora baadaye, lakini ungeona inavyong'aa! Huwezi kukiona kishimo hata kimoja."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja, mwanangu."

Fermina akakumbuka chumba cha mdogo wake. Tangu asubuhi Nicandro alikuwa amelala, kajifunika shuka mpaka kichwani. Fermina alikuwa akipita mlangoni kwa kunyata asimwamshe, akimshukuru Mungu kwamba hatimaye mdogo wake anapumzika.

Bi Amparo alimwita ndani wanywe chokoleti ya moto. Fermina hakusikia. Alisimama pale njiani mpaka taa za mtaa zikawaka, anaogopa kurudi nyumbani.