Mwalimu wa Alhamisi

Harufu ya ugoro iliingia chumbani Alhamisi ya kwanza ya semista, saa kumi jioni, jua bado kali juu ya mabati ya mtaa wa Buhare. Petronila alifungua dirisha, akanusa kanga zake, akainama kutazama uvunguni. Katika nyumba ile hakuna aliyenusa ugoro. Wapangaji wote walikuwa watu wa kanisa, na mwenye nyumba hakutaka hata sigara getini. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kifupi cha mzee anayetaka kuanza maneno, nacho kilitoka kwenye kiti kilichokuwa kitupu.

Tuseme ukweli mapema, maana yeye mwenyewe alichelewa kuusema. Petronila alijitafutia.

Alikuwa mwaka wa pili, shahada ya masomo ya dini, katika chuo kimoja pale Musoma. Binti mwenye akili nyingi na uvivu wa kutosha. Mwaka huo kila mwanafunzi alitakiwa kupanga kozi za semista nne zilizobaki na kuupeleka mpango wake kwa mshauri wa masomo. Aliyechagua dini za jadi, kama yeye, alikuwa na fomu ya ziada. Atafute mzee mmoja mjuzi wa mambo hayo, atakayemfundisha saa mbili kila wiki mpaka amalize chuo. Mzee aweke dole gumba chini ya maneno "Nimekubali kufundisha", mwanafunzi atie sahihi chini ya "Nimekubali kufundishwa". Asiyeleta fomu hadi Ijumaa atarudia mwaka.

Wenzake walihangaika, wengine mpaka Murangi, wakibembeleza wazee wenye kazi zao shambani. Petronila alingoja, akangoja, na asubuhi ya Alhamisi hiyo, siku moja kabla ya mwisho, akaandika jina la Mbuke, mama mzaa baba yake. Bibi Mbuke alikuwa mganga aliyeolewa Butiama akitokea Usukumani, na alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Petronila alipaka wino dole gumba lake mwenyewe la kushoto, akalibandika. Kwenye ratiba aliyoigundisha ukutani akaandika: Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili, Bibi. Jenipher, aliyekaa naye chumba, alimwambia acha mchezo na marehemu. Petronila akamjibu kwamba wafu hawaji chuoni kukanusha.

Basi kikohozi kilipokwisha, alihisi kichwa kizito, akaketi. Alipozinduka ilikuwa saa kumi na mbili kamili, na daftari lilikuwa limejaa kurasa kumi na moja za mwandiko wake mwenyewe: majina ya mizizi, siku za kuchimba, maneno ya kusema kabla mgonjwa hajavuka kizingiti. Hakujua hata moja kati ya hayo asubuhi ile. Aliogopa, ndiyo, lakini Ijumaa alilipeleka daftari pamoja na fomu kwa mshauri wake, Daktari Felisian, naye alisoma mpaka akavua miwani.

"Miaka kumi na tano nafundisha hii kozi," alisema, "sijawahi kuletewa kitu kama hiki."

Sifa ni tamu, na mwenye njaa ya sifa haulizi mpishi ni nani. Alhamisi iliyofuata Petronila alikuwa ameketi mezani kabla ya saa, kalamu mkononi. Jioni ile Jenipher alipakua ugali na sato, akamwomba mwenzake aombee chakula. Petronila akaanza Baba Yetu uliye mbinguni, akakwama hapo. Alirudi mwanzo mara tatu. Sala aliyoijua tangu hajaota meno ya ukubwani ilikuwa imefutika, na mahali pake palikuwa na dawa ya kumfunga mtu ulimi.

Alhamisi ya tatu hakulala. Alitaka kujua, na maskini alijua, maana saa kumi ilipogonga kiti cha pili kilijivuta chenyewe hadi mezani, godoro lake la sponji likabonyea polepole kama vile mtu mzito ameliegemea, harufu ikajaa mpaka machozi yakamtoka, naye akahisi pumzi baridi ya kinywa kisicho na meno ikimkaribia sikioni, ikikaa hapo kimya muda mrefu, muda mrefu sana, huku mkono wake ukiandika bila kumwomba ruhusa. Ndipo sauti ikasema, wala haikuwa ya mwanamke, wala ya mwanaume.

"Umejaa vitu. Nitakupunguza."

Wiki ile alipoteza Kigiriki chote alichojifunza chuoni. Alipoteza jina la Jenipher, akawa anamwita "wewe", na mwenzake alihamia kwa dada yake bila kuaga. Alhamisi ya nne simu iliita saa moja usiku, mwanamke akasema ni mama, anapiga kutoka Kabasa, mbona kimya hivi mwanangu.

"Mama yupi?" Petronila aliuliza, na aliuliza kwa dhati.

Mwanamke yule alilia kwa muda. Petronila alisikiliza kilio cha mtu asiyemjua, na hofu ikamshika sasa ile ya kweli, kwa kuwa alielewa kwamba ikifika semista ya mwisho atakuwa mganga hodari kuliko wote mkoani Mara, naye mwenyewe hatakuwemo. Alipomaliza kulia, mwanamke alimwambia jambo moja. Aende Butiama kwa shangazi yake, Wankyo, kesho hiyohiyo.

Shangazi Wankyo alimpokea uani, akamnusa kwanza, akamvuta ndani na kurudisha mlango. Alipoelezwa habari ya fomu alikaa chini kwenye sakafu.

"Mama alikufa hajui mtoto wake hata mmoja," alinong'ona. "Mimi ndiye nilikuwaga namwogesha. Ananiitaga 'wewe'."

"Kwa hiyo ni bibi?"

"Siyo mama. Mama amelala hapo nyuma, amechoka. Huyo ni yule aliyemfundishaga. Jini lake. Alikuja nalo kutoka kwao."

Petronila aliuliza kwa nini hawakuambiwa. Shangazi akasema waliona aibu, watu waliookoka, na waliamini akifa yamekwisha, kwani jini halimwingii mtu ambaye hajakubali. Siku ya msiba wazee waliwazuia wote kusema neno "nimekubali" kaburini, hata kwa kuitikia salamu.

"Nawe umelikubali kwa maandishi," alisema. "Nenda kwa huyo uliyempa hiyo karatasi. Useme ulidanganya, aichane mbele yako. Isibaki na jina la mtu, umesikia? Likiwa na mwanafunzi haliondoki."

Alhamisi ya tano, saa tatu asubuhi, Petronila alisimama mbele ya meza ya Daktari Felisian na kusema yote. Daktari alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema huo ni ughushi, na mwanafunzi anayeghushi anadisko, anafukuzwa kabisa, harudii mwaka wala nini. Petronila akasema anajua, achane tu. Felisian alilitoa faili kabatini. Badala ya kuichana fomu, alilifungua tena lile daftari aliloletewa, akapekua, akatulia kwenye ukurasa mmoja.

Majini alikuwa ameyasoma nusu ya maisha yake, alisema, na hajakutana na hata moja. Mambo haya Petronila ameyasikia kwa bibi yake utotoni, sasa yanamrudia. Msongo wa masomo huo. Kisha akashusha sauti.

"Nikiichana, idara itauliza, na wewe utaondoka. Nikikata jina lako nikaandika langu, nitasema ni utafiti wangu. Wewe nakuhamishia historia ya kanisa. Mpango wako unabaki salama."

Petronila alikuwa na sentensi moja ya kusema, na aliijua. Isibaki na jina la mtu. Aliwaza mwaka wake, akawaza mwanamke aliyelia kwenye simu ambaye labda angemkumbuka, akatazama kalamu ikikata jina moja na kuandika jingine, sahihi ikawekwa, na alichosema ni hiki: "Asante, mwalimu."

Hajafika chini ya ngazi, Baba Yetu ikamrudia yote mpaka amina. Akalikumbuka jina la Jenipher, akaukumbuka uso wa mama yake, akakaa kwenye ngazi na kulia kwa furaha ya aibu. Saa kumi jioni chumba chake kilinuka sabuni tu.

Alisoma vizuri historia ya kanisa. Semista ile ilikwisha, nyingine ikaanza, na kila Alhamisi alizunguka nyuma ya maktaba ili asipite mlangoni pa Daktari Felisian. Alisikia anasifiwa kwa makala zake. Baadaye alisikia amesahau njia ya kanisani, amemsalimu mkuu wa idara mara tatu asubuhi moja. Mwishowe walisema yuko likizo ya ugonjwa. Petronila hakuuliza ugonjwa gani.

Jumamosi moja adhuhuri, mwanamke mpole aliyevaa kitenge alibisha hodi. Alijitambulisha kuwa Esther, mke wa Daktari Felisian, akaomba radhi kwa kuja bila taarifa.

"Mimi hanijui tena, binti yangu. Watoto kawafukuza, kasema ni wezi. Hospitali wamempima kichwa, hawajaona kitu." Alikunja pindo la kitenge chake. "Limebaki jina moja tu analolitajaga kutwa. Lako. Anasema amechoka, anataka ukubali akuachie kazi."

"Yuko wapi?" Petronila aliuliza.

Esther akasogea pembeni. Kwenye kizingiti cha nje, mgongo juani, alikuwa ameketi Daktari Felisian, mtu wa miaka hamsini aliyekunjika kama kikongwe. Aligeuka, akamtazama Petronila kwa furaha ya mtu aliyeuona uso pekee anaoujua duniani, akajisogeza taratibu kwenye kile kizingiti ili ampe nafasi ya kukaa.