Usitie Maji Kwenye Pipa Hilo

Milembe aliishi pembeni ya mji wa Bariadi na mumewe Ngassa, pamoja na mama mkwe wake, bibi Nyanjige. Walilima pamba na mahindi. Kiangazi kile kisima cha jirani kilikauka, Milembe akawa anafuata maji mbali tangu alfajiri. Alitaka chombo kikubwa cha kuyahifadhi.

Biashara ilikuwa imeachiwa huru. Mnadani kulifika vitu vya kila namna, vingine vilivyokwishatumika nchi za mbali. Ngassa akarudi na pipa la chuma.

"Ni zima hili," alisema. "Lisuuze tu."

Milembe alifungua mfuniko. Harufu kali ikampiga puani. Chini kulikuwa na kitu kama maji kidogo. Akamimina ndoo yake.

Pipa lilifoka! Moshi mweupe ukajaa uani. Milembe alirudi nyuma akikohoa, macho yanawaka.

"Mayu wane, mama yangu! Hapa kuna mkono wa mtu!" alilia bibi Nyanjige.

Ngassa alidhani ni moto. Akanyanyua ndoo nyingine.

"Ngassa, usitie maji!" Alikuwa jirani yao Apolonia, mwalimu wa kemia, ameona moshi na maandishi ya pipa. "Tokeni! Njooni huku upepo unakotoka!"

Walimtoa Milembe. Apolonia alimvua kanga iliyorukiwa na matone, akaanza kummiminia maji machoni na mikononi. Maji yakaisha. Majirani wakaleta yao, hata ya kupikia.

"Mwalimu, umenikataza maji, mbona wewe unamwagia?" Ngassa aliuliza.

"Ukitia maji kwenye dawa ile, inatoa asidi. Asidi ikishamgusa mtu, ioshe kwa maji mengi, bila kuacha. Kisha hospitali."

Milembe alilazwa. Bwana afya alizuia watu wasilikaribie pipa, kisha wataalamu wakaja kuliondoa.

Milembe aliporudi nyumbani, Apolonia alimweleza.

"Lebo ya pipa ilisema silikoni tetrakloraidi. Silikoni inatokana na mchanga. Imeunganishwa na klorini. Ikikutana na maji, hata unyevu wa hewa, inavunjika. Unabaki unga mweupe kama mchanga laini, na mvuke wa asidi unaochoma mapafu."

"Sasa kitu kibaya hivyo wanakitengenezea nini?" Milembe aliuliza.

"Kina kazi, mama. Kiwandani wanapata humo silikoni safi ya paneli za umeme wa jua, kama zile za zahanati ya misheni. Na nyuzi za kioo zinazopitisha simu. Lakini wao wanavaa vifaa, na wanakitunza pakavu."

"Kumbe si uchawi," alisema bibi Nyanjige.

"Si uchawi, bibi. Ni pipa lisiloulizwa."

Siku ya mnada Milembe alikwenda mwenyewe, macho bado mekundu.

"Pipa hili lilibeba nini?" aliuliza.

"Mimi nauza pipa tu, mama."

"Basi sinunui."

Akanunua mitungi miwili ya udongo. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, pipa tayari kichwani, alilishusha.

"Na langu? Lilibeba nini?"

Mnada uliofuata muuzaji alileta mapipa ya mafuta ya kula tu, lebo zake zinasomeka.